Sauti Nne, Sauti Moja au Kupokezana: Kikundi Chenu Kichague Upatanifu Upi?

Vikundi vingi vinapoanza kuimba hurukia swali la pili kabla ya la kwanza. Huuliza nani ashike soprano, nani ashike besi, na kinanda kitaazimwa wapi. Swali la kwanza, ambalo ndilo linaloamua hayo yote, ni hili: mnataka sauti zenu zipatane kwa namna gani? Kuna kupatana kwa kugawana, kila mtu akashika sehemu yake na zote zikalia kwa pamoja. Kuna kupatana kwa kufuatana, wote wakawa nyuma ya wimbo mmoja na kila mmoja akaupamba kwa ustadi wake. Na kuna kupatana kwa kupishana, huyu akanyamaza pale mwenzake anapopiga. Afrika Mashariki tunazo zote tatu, tena zilizokomaa: kwaya za sauti nne, taarabu ya Unguja na Mombasa, na amadinda, yale marimba ya Buganda.

Nawaandikia watu wa kawaida: kikundi cha harusi, cha jumuiya, cha akina mama wa mtaa, watu wanane hadi ishirini hivi, wasio na fedha za kuajiri mpangaji wa nyimbo. Ili ulinganisho usielee hewani, nitabeba mstari mmoja wa harusi kutoka njia moja hadi nyingine: "Bibi harusi karibu." Mizani nane, maneno matatu, kila Mswahili anaelewa. Na msimamo wangu nautanguliza ili msome mkiujua: naona vikundi vingi mno vinakimbilia sauti nne kwa sababu ndizo zinazohesabiwa kuwa uimbaji kamili, ilhali watu walionao na maneno waliyonayo yangewaka zaidi kwa mojawapo ya njia hizo mbili nyingine.

Sauti nne: kugawana

Njia hii tunaijua kupitia kanisani na shuleni. Sauti ya kwanza, yaani soprano, inabeba wimbo, ya pili inatembea chini yake, sauti ya juu ya wanaume iitwayo tena inajaza katikati, besi inashika msingi. Iliingia kwetu pamoja na sol-fa, ile do re mi ya kuandikwa kwa herufi, ambayo chanzo chake ni kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, na John Curwen akaieneza Uingereza nzima katika karne ya 19. Wamisionari waliipenda kwa sababu karatasi ya herufi ni rahisi kuchapa na rahisi kufundisha. Wimbo wa taifa wa Tanzania ni mtoto wa njia hiyohiyo: Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliutunga kwa sol-fa mwaka 1897, na Tanganyika ikauchukua kwa maneno ya Kiswahili ilipopata uhuru mwaka 1961. Kila tunaposimama kuuimba uwanjani tunaisikia nguvu ya njia hii. Watu elfu moja wasiojuana wanaweza kusimama ndani ya sauti nne na zikawabeba.

Lakini yafaa kujua zinatubeba kwa nini. Sauti mbili hupendeza sikioni pale mitetemo yake inapohusiana kwa hesabu nyepesi. Ikiwa moja inatetemeka mara 440 kwa sekunde na nyingine mara 660, uwiano wake ni 2 kwa 3, na hiyo ndiyo do na so. Weka katikati yake sauti ya 550 na mmepata mi: 4 kwa 5 kwa 6. Hilo fungu la sauti tatu, ambalo wapiga gitaa huliita kodi, ndilo tofali la sauti nne zote. Watu wenye masikio mazuri wakiimba bila chombo huteleza wenyewe hadi kwenye 550, bila kujua hesabu yoyote, kwa sababu pale ndipo mngurumo unapotulia na sauti zinakuwa kama zimeyeyukiana.

Kinanda cha umeme hakifiki pale. Kimegawanya ngazi yake ya sauti sawa kwa sawa ili kiweze kupiga kila ufunguo, yaani do ianzie popote, na mi yake inalia kwenye 554 na ushei. Tofauti ni ndogo, lakini sikio linaiona kama mtikisiko wa haraka unaokwaruza. Kwaya inayofanya mazoezi na kinanda mwanzo hadi mwisho hujifunza mkwaruzo huo na kuuona ndio utamu wenyewe. Kama mtachagua sauti nne, ushauri wangu wa kwanza ni huo: chukueni do kwenye kinanda, kisha kizimeni. Kiwasheni tena mwisho wa wimbo kuona kama mmeshuka ufunguo.

Sasa mstari wetu. Mwisho wa "karibu" ndipo sauti nne zinapoonyesha kazi yake. Silabi "ka" iwekeni kwenye fungu la so: besi so, tena so, sauti ya pili ti, sauti ya kwanza fa. Fungu hilo halitulii. Ti inataka kupanda, fa inataka kushuka, na msikilizaji anabaki ameshika pumzi. Kwenye "ri" waachieni: besi inaangukia do, tena inabaki palepale so, ti inapanda do, fa inashuka mi. Mmefika nyumbani. "Bu" mnairudia hapohapo, kwa wepesi, kama mtu anayefunga mlango taratibu.

Kwa nini nyumbani pawe "ri" na isiwe "bu"? Kwa sababu Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Nyimbo nyingi tulizorithi zilitungwa kwa lugha ambazo mstari huweza kumalizika kwa silabi nzito, na zilipotafsiriwa, uzito wa muziki ukabaki mwishoni wakati uzito wa neno umeshapita. Ndiyo maana katika nyimbo kadhaa tunaimba neno likiwa limepinda, na mtoto anayesikia kwa mara ya kwanza haelewi limetamkwa neno gani. Mkitunga wenu, msirithi kasoro hiyo. Someni mstari kwa sauti ya kuongea, sikilizeni mkazo unaangukia wapi, kisha pelekeni fungu la nyumbani hapohapo.

Gharama ya njia hii ni wakati na watu. Sauti nne zinahitaji tena, na tena ndiyo sauti adimu kuliko zote katika vikundi vya mtaani. Wanaume wengi wanaosema wao ni besi, kwa kweli ni watu wa katikati wasiofika chini wala juu. Mkiwa na wanaume wawili tu, msijilazimishe. Sauti mbili, ya pili ikitembea hatua tatu chini ya ya kwanza, namna waimbaji wa dansi wanavyofanya kwenye kiitikio, zinatosha na zinapendeza.

Na mtu anayedhani kuimba kwa sauti nyingi kuliletwa na meli, awasikilize Wagogo wa Dodoma. Ngazi yao inafuata zile sauti za juu zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unapopigwa, na mafungu yao yana mi safi ambayo kinanda hakina, pamoja na sauti ya saba ambayo haipo kabisa kwenye vibonyezo vya kinanda. Hukwe Zawose, aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, aliizungusha duniani kwa ilimba, chombo cha vibao vya chuma vinavyodonolewa kwa vidole, na zeze. Hiyo ni hazina ya sauti nyingi iliyokuwa hapa bila karatasi.

Sauti moja: kufuatana

Katika taarabu ya asili hakuna sauti ya tena wala ya besi. Wimbo ni mmoja. Fidla zinaupiga, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani) inaupiga, udi unaupiga, mwimbaji anauimba, na wote wanasema jambo lilelile. Tofauti ni kwamba kila mmoja analisema kwa lafudhi yake. Kanuni inaudonoa wimbo na kuujaza vipande vidogovidogo. Fidla zinauburuta kutoka noti moja kwenda nyingine. Mwimbaji anachelewa kidogo, anauvuta mwisho wa neno, kisha anaudaka wenzake walipofika. Upatanifu wake unakaa katika hizo tofauti ndogo. Nyoosheni zote ziwe sawasawa na wimbo utakufa mikononi mwenu.

Asili yake Unguja inajulikana. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri na akautaka kwenye jumba lake. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho mpaka leo kipo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake wakavuka hadi Bombay kurekodi sahani, na kuanzia hapo taarabu ya Kiswahili haikuwa tena ya ikulu peke yake. Chombo kikuu kilikuwa neno. Watu walimsikiliza Siti ili wajue anamwambia nani nini.

Hiyo ndiyo sababu ya kuichagua njia hii. Shairi lenu likiwa zuri, lenye vina vilivyokaa na fumbo linalohitaji kutafunwa, msilifunike kwa sauti nne. Katika sauti nne, hasa pale zinapoingia kwa kupandana, msikilizaji hupoteza maneno kwanza, wimbo baadaye. Katika sauti moja kila silabi inafika. "Bibi harusi karibu" ingekaa hapa kama kina cha ubeti: mwimbaji anaivuta "ri" na kuizungusha mara kadhaa kabla ya kuishusha "bu", fidla zinamjibu kwa kipande kifupi, kisha ubeti unaofuata unamalizika kwa "-bu" nyingine: taratibu, aibu, majibu. Mwenye lugha anapata nafasi ya kuionyesha.

Lipo jambo moja ambalo vikundi hujikwaa, nami naomba mlitilie maanani kabla hamjanunua chombo. Baadhi ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, zinazotumika kwenye taarabu, kama Rast na Bayati, zina noti zinazokaa katikati ya vibonyezo viwili vya kinanda. Katika Rast, ile mi haiko juu kama mi ya kwaya wala haiko chini kama mi iliyoshushwa. Iko baina yao. Fidla na udi zinaifikia kwa sababu shingo zake hazina vikomo, na kanuni ina vyuma vidogo vya kupandisha na kushusha uzi kidogokidogo. Sasa mtu akija na wazo jema la kuweka kodi za kwaya chini ya wimbo wa Rast, anaweka mi ya aina moja chini ya mi ya aina nyingine, na zinagombana papo hapo. Hapo hakuna mpigaji wa kulaumiwa. Upatanifu wa kugawana na upatanifu wa kufuatana unataka ngazi mbili tofauti, na ukishachagua mmoja, mlango wa mwingine umefungwa kwa wimbo huo. Wanaotaka kuchanganya huchagua maqamu isiyo na noti za katikati, na hilo linawezekana. Ila lazima uwe uamuzi, lisitokee kwa bahati.

Kupokezana: kupishana

Hii ndiyo njia ninayotamani vikundi viijaribu, na ndiyo inayosahaulika. Amadinda ya Baganda ni marimba ya magogo 12, yanalazwa juu ya migomba miwili iliyokatwa. Wachezaji wawili wanakaa wakitazamana, mmoja huku mwingine kule. Wa kwanza anapiga mfululizo wake kwa mapigo yaliyo sawa, hana haraka wala hana mapambo. Wa pili anapiga mfululizo mwingine, naye kwa mapigo yaliyo sawa, lakini kila pigo lake linaangukia katikati ya mapigo mawili ya mwenzake. Mikono haikutani kamwe. Kinachotokea ni wimbo wa kasi maradufu, na ndani yake sikio linaanza kuokota nyimbo ambazo hakuna aliyezipiga: noti za chini zinajikusanya kuwa wimbo mmoja, za juu kuwa mwingine. Ndipo anaingia mchezaji wa tatu, ambaye ana magogo mawili tu ya juu. Kazi yake ni kuusikiliza ule wimbo uliojizaa kwenye noti mbili za chini na kuurudia huko juu, ili watu wote wausikie.

Natafakari mara nyingi kazi ya huyu wa tatu. Analipwa kwa kusikiliza.

Muziki huu ulikuwa wa jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, na jumba liliposhambuliwa na jeshi mwaka 1966 wapigaji wake walitawanyika. Wachache walioendelea kufundisha, akiwemo Evaristo Muyinda, ndio waliotuachia tunachokijua leo. Na kanuni yake haikubaki Buganda peke yake. Sikilizeni magitaa ya dansi la Dar es Salaam au Kinshasa: solo, la pili na rithimu hayapigi kodi kwa pamoja kama kwaya. Kila moja lina kipande kifupi kinachojirudia, na vipande vinapishana kama vidole vya mikono miwili vikiingiliana. Mkiondoa gitaa la pili, ambalo hakuna shabiki anayelitaja jina, wimbo unabaki na mapengo.

Kwa mstari wetu jaribuni hivi, hata leo jioni. Gawanyikeni makundi mawili yanayotazamana. Kundi la kwanza liseme: bi, ha, si, ri. Kundi la pili liseme: bi, ru, ka, bu. Kwa kupishana, pigo kwa pigo, kundi la kwanza likianza. Mwanzoni itakuwa vurugu. Baada ya muda, ghafla, atakayekuwa amekaa pembeni atasikia "bibi harusi karibu" ikitamkwa wazi, ingawa hakuna mtu hata mmoja kati yenu aliyeitamka. Mkishaweza hilo, kundi moja lishike "karibu, karibu" bila kukoma, na jingine lipenyeze "bibi harusi" kwenye nafasi zinazobaki. Tayari mna wimbo, bila nota, bila kinanda, bila soprano.

Kinachohitajika ni nidhamu ya kunyamaza. Watu wazima wengi hawana, na hasa waimbaji wazuri hawana.

Watu wenu wanafanana na njia ipi?

Hapa ndipo naomba mkae kitako, kwa sababu njia za sauti ni njia za kuishi pamoja pia, na kikundi hufa kwa ugomvi mara nyingi kuliko kwa sauti mbaya.

Katika sauti nne kila sehemu ina mipaka yake na mkuu wake. Ni njia nzuri kwa watu wasiopatana sana kwa tabia, kwa kuwa hawahitaji kupendana; wanahitaji kila mmoja ajue sehemu yake na aje mazoezini. Ubaya wake ni utoro. Besi wawili wakisafiri kwenda kuzika, hamna msingi siku hiyo. Pia huzaa malalamiko ya kimyakimya ya sauti ya pili, ambao huimba noti mbili wimbo mzima huku sauti ya kwanza wakipigiwa vigelegele. Mwalimu mwenye busara huwapa sauti ya pili wimbo mkuu katika ubeti mmoja.

Sauti moja inamtaka kiongozi anayekubalika bila mjadala. Mkiwa naye, mambo ni mepesi: wengine wakikosekana pengo halionekani, na mgeni anaweza kujiunga leo akaimba leo. Msipokuwa naye, au mkiwa nao wawili, njia hii itawagawa. Tena taarabu ina tabia yake kwenye hadhira. Watu huinuka kutuza pale ubeti unapowagusa, na pengine hutuza wakimtazama mtu fulani. Nyimbo za mipasho zinaweza kuwa zimepatana kabisa kwa muziki na zikavunja upatanifu wa ukumbi mzima. Kama familia za bwana na bibi harusi bado hazijazoeana vizuri, msiwape watu ubeti wa kurushiana.

Kupokezana kunafanya kazi kati ya watu walio sawa na wanaoaminiana. Hakuna wimbo mkuu, kwa hiyo hakuna nyota, na wapenda sifa hujiondoa wenyewe. Lakini mmoja akikosekana wimbo haupo kabisa. Ndugu wa tumbo moja, majirani wa muda mrefu, mke na mume: hao huiweza haraka. Nimeona wanandoa waliokuwa hawaelewani kwenye sauti mbili, kila mmoja akimwambia mwenzake ameteleza, wakatulia kabisa walipopewa kupishana, kwa kuwa kila mmoja alilazimika kusubiri zamu na kumsikia mwenzake mpaka mwisho wa pigo. Wazee wetu wanaposuluhisha ndoa huanza hivyohivyo: huyu aseme, yule anyamaze, kisha zamu igeuke, na mshenga wa katikati arudie kile ambacho wote wawili wamekisema bila kujua.

Sare na namna ya kukaa

Macho nayo yanataka kupatana, na kosa la kawaida ni kuchagua sare kabla ya kuchagua njia ya kuimba.

Rangi haina uzuri wake peke yake. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins mjini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Akazipima, akakuta nyeusi ni nzuri; zilikuwa zinaonekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizowekwa kando yake. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kuhusu jambo hilo, kwamba kila rangi humbadilisha jirani yake. Kwa hiyo msichague kitambaa dukani kikiwa peke yake. Kiwekeni kando ya kilemba, kando ya mapambo ya ukumbi, na kando ya ngozi za watakaokivaa.

Kwaya ya sauti nne inapendeza kwa rangi moja mwili mzima na tofauti ndogo ya kilemba au tai kwa kila sauti, kwa kuwa ndivyo inavyosikika: umbo moja lenye ngazi ndani yake. Wakae kwa mafungu, besi na tena nyuma. Kundi la sauti moja livae rangi za jamii moja, mathalani bluu kutoka nzito hadi nyepesi, na mwimbaji peke yake avae kitu kinachowaka, naye awe mbele. Kwa kupokezana chagueni rangi mbili zinazopingana waziwazi, kundi moja hii, kundi jingine ile, mkitazamana, ili jicho lione kile sikio linachosikia. Na kama ni harusi ya pwani, kisutu hakishindwi: nyekundu, nyeusi na nyeupe, tatu zenye nguvu sawa, hakuna inayomeza nyingine.

Mkivaa kanga, someni jina kabla ya kukata doti. Pindo na mji vinaweza kuwa vimelingana kwa rangi hata ukatamani kulia, kisha jina likawa la kumsema wifi. Ukumbini watu husoma.

Ukumbi

Mwisho, mahali. Mwangwi mrefu hulisha sauti nne. Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa miaka ya 1870, lina kuta za mawe na dari la juu, na fungu la sauti likiimbwa pale linabaki hewani baada ya waimbaji kufunga midomo. Kwaya ya watu kumi inasikika kama ya thelathini. Pelekeni amadinda ndani ya jengo kama hilo na mtaipoteza: pigo la kwanza bado linalia wakati la pili na la tatu yameshafika, na ile nafasi kati ya mapigo, ambayo ndiyo wimbo wenyewe, inajaa ukungu. Kupokezana kunataka uwanja wa nje, turubai, au chumba chenye mapazia na watu wengi. Shairi la taarabu liko katikati: linafaidi mwangwi kidogo kwa ajili ya fidla, lakini ukizidi maneno yanafutika.

Kabla ya kulipia ukumbi, simameni katikati pakiwa kimya na mpige kofi moja. Kofi likikatika papo hapo, hapo pana nafasi ya kupishana. Likiendelea kulia mpaka mmemaliza kusema "moja, mbili", pangeni sauti nne, mwende polepole. Na ikiwa kamati imeshalipa, nao ukumbi haufai kwa wimbo mliouandaa, msiongeze vipaza sauti kwa matumaini kwamba kelele itafunika tatizo. Badilisheni mwendo. Kwenye ukumbi wa mwangwi, punguzeni kasi na mwachie nafasi baada ya kila "karibu". Kwenye ukumbi mkavu, sauti nne zisogeleane bega kwa bega, besi waje mstari wa mbele, na mstari wa mwisho uimbwe mara mbili.